Mtoto kunuka mdomo ingawa anapiga mswaki
Pole dada. Kama huyo mtoto wako wa miaka 3 uliyemuulizia ananuka mdomo hata baada ya mswaki asubuhi na jioni, mchungulie pua kwanza. Kamasi nzito yenye harufu ikitoka tundu moja tu, huenda kuna kitu ndani. Wangu, hapa Arua, Uganda, alijipachika punje ya haragwe puani. Ilivimba ikaoza, mimi nahangaika na meno tu. Usichokoe kwa njiti, utaisukuma zaidi. Mpeleke kituo cha afya waitoe, na ukishuku ni betri ya saa, nenda sasa hivi. Pua ikiwa safi, tazama magego yaliyotoboka, na ulimi wenye utando. Anayelala mdomo wazi pia huamka ananuka, mate yamekauka.