Uwanja wa gofu uliofungwa: anza na maji, miti itasubiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Kikundi chao kimekabidhiwa uwanja wa gofu uliofungwa, wanataka samaki warudi kijitoni na watu wapate mahali pa kutembea na kupumzika. Miche 2,000 iko tayari kitaluni. Anauliza ipandwe umbali gani kutoka kwenye maji. Nilisoma ujumbe huo mara tatu huku kifua kikinibana, kwa sababu miaka tisa iliyopita swali hilo lilikuwa langu.

Ndugu yangu, usipande hata mche mmoja kwanza.

Sisi tulipanda. Kijito chetu kilikuwa kimenyooshwa kama mfereji kukatiza sehemu zote 18 za kuchezea, na sehemu nyingine kimefukiwa ndani ya bomba ili wachezaji wapite juu. Tukapanda kandokando yake, tukapiga picha, nikahojiwa, nikasema kifua mbele kwamba baada ya miaka miwili samaki watakuwa wamejaa. Mvua kubwa ya kwanza ilibomoa kingo zote mbili. Asubuhi yake nilikuta miche imelala kwenye tope, mingine imekwenda na maji. Wapo waliocheka. Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa karibu, na sikufichi, kicheko kile bado nakisikia.

Aliyenifumbua macho ni mzee aliyewahi kutunza nyasi za uwanja ule. Alipiga ardhi kwa fimbo yake akaniambia, "Mwanangu, hapa chini kuna mabomba mengi kuliko mizizi." Tukachimba, tukayaona: mabomba yenye vitundu, mstari baada ya mstari, yaliyolazwa ili nyasi zikauke upesi baada ya mvua. Maji ambayo ardhi ingeyashika na kuyaachia polepole yalikuwa yanakimbilia kijitoni kwa mkupuo mmoja. Halafu kiangazi kikija, kijito kinabaki uzi. Kupanda miti juu ya mabomba hayo ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: tafuta ramani ya mabomba, au mtafute aliyeyatunza, kisha yang'oe au yazibe. Wa pili: fuata maji kwa miguu, kuanzia yanapotoka uwanjani hadi yanapoingia. Mimi nilipofuata nilikuta kalvati, yaani bomba kubwa la kupitishia maji chini ya njia, ambayo mdomo wake ulikuwa juu ya kijito kiasi cha goti. Maji yanadondoka, samaki wadogo hawawezi kuruka. Tungepanda msitu mzima huku mlango umefungwa! Tulipoitoa na kuweka daraja, kijito kikapata sakafu ya changarawe moja kwa moja.

Miaka miwili ya vikao na vibali naiacha, haina la kukufundisha zaidi ya uvumilivu.

Kazi iliyonifurahisha maishani ni siku katapila ilipoanza kukipindisha tena kijito kile kilichonyooshwa. Samaki hahitaji maji tu. Anahitaji sehemu yenye kina na ubaridi ya kujificha, sehemu ya kasi yenye changarawe safi ya kutagia, na magogo ya kuvunja nguvu ya mkondo. Tope laini likifunika changarawe, mayai yanakosa hewa. Ndiyo maana madimbwi ya mapambo yalinipa shida sana: maji yaliyotuama juani yanapata joto, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Yale yaliyoungana na kijito tuliyatenganisha. Kagua pia samaki wageni waliopandikizwa humo, maana wengine hula vifaranga vya samaki wa asili.

Na pima udongo, hasa kwenye yale maduara ya nyasi laini kuzunguka mashimo. Viwanja vya zamani vilipigwa dawa za kuvu zenye zebaki, na nyingine zenye aseniki, na sumu hizo hukaa ardhini miaka mingi. Usiuchimbe udongo huo ukaumwaga karibu na maji.

Ukidhani nakukatisha tamaa, tazama Ocean Meadows kule California, Marekani. Uwanja ule ulijengwa miaka ya 1960 kwa kufukia sehemu ya juu ya kinamasi cha Devereux. Mwaka 2013 ardhi ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Walianza na udongo: waliuchimba ule uliofukia kinamasi na kuurudisha kwenye mwinuko ulikotolewa. Mimea ya asili ikafuata. Leo watu wanatembea pale na kutazama ndege.

Kuhusu watu, zile njia za vigari vya gofu usizivunje zote. Zilizo mbali na maji zinafaa kabisa kwa wazee na wenye viti vya magurudumu. Zinazogusa kingo ziondoe, na sehemu za mazalia zifungwe msimu wa kutaga, hata kama watakununia. Sisi tulinuniwa. Siku ya ufunguzi jina la kikundi chetu halikutajwa hata mara moja, na aliyekata utepe hakuwahi kulowa hata kiatu. Niliumia. Lakini anayefanya kazi ya namna hii asifanye kwa ajili ya utepe, afanye kwa ajili ya maji, na asikubali mtu yeyote amharakishe ili picha zipatikane mapema. Hilo nalisema kwako na kwa kila kijana mwenye jembe mkononi.

Samaki wa kwanza niliwaona mwaka wa sita, chini ya gogo, watano, wadogo kama kidole. Miche yako iache kitaluni, imwagilie. Kesho asubuhi vaa buti, anzia kwenye kalvati ya chini kabisa, ufuate kijito kuelekea juu.