Barua kwa mwanangu: panya wa rafu ya juu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi. Huku wazima, baba yako bado anabishana na redio na bado inamshinda. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama ujiunge na kikundi kile kinachotengeneza kitambaa chenye taa za buluu, cha kumviringishia mtoto mchanga mwenye manjano, au ubaki na fuwele zako za galiamu nitridi, zile zinazotoa mwanga wa buluu. Hofu yako ni kwamba huko utagawanyika: vifaa vipya huku, afya ya watoto huku, biolojia ya panya kule. Mshika mbili moja humponyoka, nawe unashikishwa tatu.

Nitakujibu. Kwanza niambie: huko kwenye panya, ni nani anayebadilisha maranda?

Usicheke. Unajua nimelisha na kusafishia panya wa watu wenye shahada kwa miaka 26. Na msimamo wangu unaujua, mmeuchoka wewe na kaka yako: jambo huonwa kwanza na aliye karibu nalo, si na mwenye cheo. Hata hiyo taa ya buluu unayotaka kuishona kwenye kitambaa haikuanzia kwa profesa. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa msimamizi wa wodi ya watoto njiti, na alikuwa na mazoea ya kuwatoa nje wapate jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi yenye manjano makali. Daktari mmoja alidhani amempaka dawa. Kumbe pale palikuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Kwingine kote jua lilikuwa limefuta manjano. Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwingine ikasahaulika dirishani, juani, na ilipopimwa, bilirubini, ile rangi ya damuni inayoleta manjano, ilikuwa imeshuka kuliko ilivyotarajiwa. Ndipo daktari Richard Cremer na wenzake wakaunda kifaa cha taa za buluu na kuchapisha matokeo mwaka 1958. Lakini aliyeiona ile pembetatu ni yule aliyekuwa anamgeuza mtoto na kumvisha nepi.

Nawe ulipitia chini ya taa hizo, hilo nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Siku ya tatu ulianza kugeuka: macho kwanza, halafu uso, halafu kifua. Manjano ya mtoto hushuka hivyo, kutoka kichwani kwenda miguuni. Ulivuliwa ukabaki na nepi, macho yamefungwa kitambaa cheusi, ukalazwa kwenye kile kisanduku siku mbili, usiku na mchana. Niliruhusiwa kukutoa wakati wa kunyonya tu. Muda mwingine niliingiza kidole kwenye tundu la pembeni, nawe ukakibana kwa ngumi yako yote. Kitambaa cha macho kilikuwa kinateleza. Kila kilipoteleza niligonga kioo nesi aje, mpaka akanichoka. Nikamuuliza kwani kuna nini kikikaa upande. Akasema mwanga mkali huumiza retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na hilo limeshaonekana kwa wanyama wachanga.

Neno hilo, retina, likaniganda. Niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi nilirudi nalo.

Tulikuwa na panya weupe, wale wenye macho mekundu yasiyo na rangi ya kuyakinga na mwanga. Vizimba vilipangwa kwenye rafu tano, na taa ziko darini. Nikiinua kifuniko cha kizimba cha rafu ya chini, panya walirudi nyuma mkono wangu ukiwa bado hewani. Wa rafu ya juu hawakushtuka. Walitulia mpaka mkono uguse sharubu, ndipo waruke. Nilijaribu wiki nzima, kimya, bila kutikisa kizimba. Ikawa ni hivyo hivyo kila siku. Nikaenda kwa mkuu wa utafiti ule. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mama Neema, wewe tubadilishie maranda. Macho tuachie sisi."

Miezi minane baadaye majaribio yao ya panya kutafuta njia ndani ya maji yakagoma. Panya wengine walikuwa wanaogelea ovyo kama waliofungwa kitambaa usoni. Wakatafuta kosa kwenye dawa, kwenye chakula, kwenye kompyuta. Mwishowe mtu akafungua orodha ya vizimba, akaona wote wale ni wa rafu ya juu. Ripoti ikaandika: "Ilibainika kuwa mwanga umeathiri macho ya wanyama." Ilibainika! Na nani? Hiyo kauli ya kutendeka inaficha mtu kuliko pazia. Mpaka leo nikiliona neno hilo gazetini naliwekea kidole.

Haya, niwe mkweli. Wewe mwenyewe ndiye uliyenitafutia, ukiwa chuo, kwamba mtafiti Werner Noell alishaonyesha mwaka 1966 kuwa mwanga wa taa za kawaida unaweza kuharibu retina za panya. Kwa hiyo sikugundua kitu. Na kuna jambo ambalo sikuwahi kuwaambia: sikuandika. Nilikuwa na daftari la vizimba mfukoni kila siku, lenye tarehe na uzito wa panya, na lile nililoliona wiki nzima sikulitia hata mstari mmoja. Nililisema kwa mdomo, mlangoni, nimeshika ndoo. Yule bwana alikuwa na dharau, hilo silifuti. Ila maneno ya mlangoni hata mimi pengine ningeyasahau.

Nahisi ndiyo maana kisa cha Rochford kinanifurahisha na kuniuma kwa pamoja. Sista Ward alisikilizwa, kisha chupa ile ikapimwa, kisha watoto wakahesabiwa. Hata hivyo Marekani hawakuipokea taa kwa uzito mpaka daktari Jerold Lucey na wenzake walipofanya jaribio lenye makundi mawili ya kulinganishwa, mwaka 1968. Miaka kumi imepita! Jicho la karibu peke yake halikutosha.

Tena msimamo wangu una shimo lingine, na wewe ndiye uliyelichimba. Hao Akasaki na Amano, wanasayansi wa Japani unaowasifu, walipopata fuwele safi mwaka 1986 kwa kuzikuza juu ya yakuti samawi, hawakuwa wanamfikiria mtoto yeyote mwenye manjano. Watu wengi walishaikimbia galiamu nitridi, wao wakabaki pale pale wakichimba kitu kimoja. Akaja Nakamura na taa kali ya buluu miaka ya 1990, na mwaka 2014 watatu hao wakapata tuzo ya Nobeli ya fizikia. Leo taa hizo hizo zinamulika vichanga bila lile joto la taa za zamani. Walikuwa mbali kabisa na kitanda cha mtoto. Kwa hiyo ukibaki na fuwele zako, sitathubutu kusema umekaa bure.

Ila kuhusu hayo mambo matatu unayoyaogopa, mimi siyaoni kuwa matatu. Panya utakaowakuta huko bila shaka ni wa Gunn, ukoo ulioelezwa mwaka 1938 huko Kanada, panya wanaozaliwa na manjano na kuishi nayo. Ini lao limekosa kimeng'enya cha kuifanya bilirubini iyeyuke kwenye maji ili itoke. Ini la mtoto mchanga linacho, ila bado hakijakomaa. Wengine kati ya panya hao huyumba wakitembea, kwa sababu bilirubini imewaingia kwenye ubongo, balaa lile lile tunalomkinga nalo mtoto. Na ni kwa kuwamulika hao, miaka ya 1970, ndipo watafiti walipoelewa kinachotokea: mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 460 hivi, unaikunja bilirubini ngozini ikawa na umbo jipya linaloyeyuka, ikapita kwenye nyongo bila kukingoja kimeng'enya. Mwanga huo unatoka kwenye fuwele zako. Ni uzi mmoja, umepita kwenye sindano tatu. Mimi naamini panya wa kwanza wa manjano alionwa na mtu aliyekuwa anabadilisha maranda. Ushahidi sina, ni kiburi cha kazi tu.

Sikuambii uende. Tangu yale ya kaka yako na chuo niliapa sitamwamulia mtu tena, na baba yako ni shahidi. Ila ningekuwa mimi, mwenye miaka yako na mikono yako... basi, naacha. Nikiendelea nitakuwa nimekuamulia.

Ukienda kuwaona, usianzie ofisini. Omba uingie chumba cha panya, umwamkie anayewahudumia, umuulize jina lake na kama ana mahali pa kuandika anayoyaona. Halafu waulize wenye kitambaa mambo mawili. Mama ataweza kumpakata mtoto akiwa amevikwa, au atabaki na kidole tunduni kama mimi? Na kinafulika? Maana mtoto anayemulikwa hupata choo laini, cha kijani, tena mara nyingi. Wewe uliharibu shuka sita kwa siku mbili, na hakuna aliyeliandika hilo popote.

Akupendaye,
Mama