Nikiomba mbele za watu najisikiliza mwenyewe: je, moyo wangu ni mchafu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wanne na katibu wa umoja wa wanawake usharikani kwetu. Mwezi uliopita niliongoza maombi kwenye mkesha, na baadaye akina mama wengi walinifuata kuniambia wamebarikiwa. Nilifurahi kupita kiasi. Tangu siku ile nikiomba mbele za watu najisikiliza: sauti inatokaje, nitaje andiko gani, nani ameitikia amina. Nikijikemea kwamba haya ni majivuno, baada ya muda naona nimeridhika kwa vile nimejikemea! Bwana alisema wenye moyo safi ndio watakaomwona Mungu. Mimi nitamwona kweli? Imani yangu ni ya kweli? Nimeshaandika barua ya kuacha uongozi, ila sijaipeleka.

JIBU: Amina, mama. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana limenigusa mahali ninapopajua. Zamani nikitoka kuhubiri nilikuwa nasimama mlangoni kupeana mikono na washarika, na kumbe moyoni nahesabu nani amesema neno kuhusu mahubiri na nani amepita kimya. Aliyepita kimya ndiye niliyekwenda naye nyumbani kichwani. Kwa hiyo tuzungumze kama wagonjwa wawili wanaomjua Tabibu mmoja.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Mathayo 5:8, neno la Kiyunani lililotafsiriwa "safi" ni katharos. Wayunani walilitumia kwa nafaka iliyokwisha kupepetwa na kwa dhahabu isiyochanganywa na kitu. Ndiyo maana Yakobo anasema, "kuisafisha mioyo yenu, enyi wenye nia mbili" (Yakobo 4:8). Uchafu anaouona Yakobo ni ule wa moyo uliogawanyika, jicho moja kwa Mungu na jingine kwa watu. Umejieleza hivyo hivyo bila kujua.

Lakini hapa wewe unaelewa kuliko mimi, maana umepeta mchele maisha yako yote. Kwenye ungo mchele, pumba, chuya na vijiwe vimo pamoja. Hakuna mama anayemwaga ungo mzima jalalani kwa sababu ameona pumba. Anarusha, anapokea, anarusha tena. Upepo unachukua pumba, na kijiwe kilichobaki anakitoa kwa kidole. Kuona pumba ni dalili kwamba kazi imeanza. Moyo ambao haujafika kwenye ungo hauoni chochote, unajidhani ni mchele mtupu.

Daudi alikuwa hivyo kwa miezi mingi. Alimchukua Bathsheba, akapanga Uria auawe, akaendelea kukaa kitini na kuamua kesi za watu, hadi nabii Nathani alipomwendea. Ndipo likatoka ombi lile la Zaburi ya 51: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Angalia neno "uniumbie". Kwa Kiebrania ni lile lile la Mwanzo 1:1, Mungu alipoziumba mbingu na nchi. Daudi hakuahidi kujisafisha. Aliomba kazi ambayo ni Muumba peke yake anayeiweza.

Hapo ndipo ninapoona umejichosha, mama. Umekuwa ukipigana na kujitazama kwa kujitazama zaidi. Augustino, Mwafrika aliyekuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, aliujua mtego huu vizuri. Kabla ya kubatizwa Pasaka ya mwaka 387 alikuwa mwalimu wa ufasaha huko Karthago, Roma na Milano, yaani alilipwa kwa kusema vizuri. Akiwa askofu tayari, alikiri mbele za Mungu kwamba sifa za watu bado zinamjaribu, na kwamba hata anapozikemea, kule kukemea kwenyewe humjaribu, kwa sababu mtu huweza kujisifu kwamba amedharau sifa. Ni yale yale uliyoniandikia. Na kijana mmoja msomi alipomletea maswali mengi ya falsafa, alimjibu kwamba njia ya kuifikia kweli ni kwanza unyenyekevu, pili unyenyekevu, tatu unyenyekevu.

Unyenyekevu ni nini basi? Wengi wetu tumefundishwa kuwa ni kujiita takataka. Sikubali. Anayejiita takataka mchana kutwa bado anajizungumzia yeye mchana kutwa. Msome yule mtoza ushuru wa Luka 18. Sentensi yake moja, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," haina jirani ndani yake. Hajilinganishi na Farisayo wala hajui kama anasikilizwa. Farisayo kwa upande wake alianza vizuri, kwa shukrani, na kufunga kwake na zaka yake havikuwa uongo. Ila Luka anasema aliomba "moyoni mwake", na Kiyunani chake chaweza kusomwa kwamba alijiombea yeye kwa yeye. Tujihadhari, mama, maana wengi tunaufunga mfano huu huku tukimshukuru Mungu kwamba sisi si kama yule Farisayo.

Kuhusu imani yako, sina shaka nayo. Imani isiyo ya kweli hailii usiku kwa sababu ya majivuno. Yule baba wa Marko 9, mwenye mtoto aliyepagawa, alisema mambo mawili yanayopingana kwa pumzi moja: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumwambia aende kwanza akaitengeneze imani yake ndipo arudi. Alimponya mtoto wake pale pale. Imani hupimwa kwa Yule inayemshika, na mkono unaotetemeka nao hushika.

Sasa barua. Ungekuwa unatumia cheo kuwaumiza wenzako au kula mchango wa kikundi, ningekuambia uipeleke leo. Kwa hili, usiipeleke. Fikiri kitakachotokea: akina mama watakuja nyumbani kukubembeleza, watasema katibu wetu ni mnyenyekevu mno, na utakuwa umerudi kule kule ulikotoka, tena kwa mlango mkubwa zaidi.

Badala yake, kabla ya ibada ijayo, ingia ndani na ufunge mlango kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 6:6, uwaombee akina mama hao mmoja mmoja kwa jina. Yule mwenye mume mlevi, yule aliyefiwa, hata yule msiyeelewana. Omba huko kwa muda mrefu kuliko utakaoomba hadharani. Ukizoea kuzitaja shida zao mbele za Baba, hata kwenye mkesha utaanza kuwaona wao, na sauti yako utaisahau bila kujilazimisha. Mtu akikusifu, sema "asante, Bwana asifiwe," kisha muulize habari za watoto. Kukanusha sifa kwa maneno mengi huwa ni kuziomba ziongezwe.

Na usibaki na jambo hili peke yako. Ndugu wa Uamsho, ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930, waliita hili kutembea nuruni, wakisimama juu ya 1 Yohana 1:7. Walisimama wakasema dhambi zao mbele ya wenzao. Si kila jambo linafaa kikundini, na hili halifai, kwa sababu ungejisikiliza hata unapoungama. Mtafute mama mmoja mzee asiye na makuu, mwenye kufunga mdomo, mmenye naye mahindi au mchambue naye mboga, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Barua mpe yeye aichane.