Maswali na majibu: Boti ya mbao iliyotumika, nikague nini kabla sijatoa hela?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kilwa Kivinje, nimepata boti ya mbao ya kuvulia, futi 30, mwenyewe yuko Bagamoyo anaiuza milioni 8 bila mashine. Nimeenda kuiona mara moja, imepigwa rangi mpya nje na ndani inang'aa kabisa, ila chini ndani nilikuta maji kidogo akaniambia ni ya mvua. Anadai ni mvule mtupu na haina tatizo, anauza tu kwa sababu anabadilisha biashara. Nataka niifunge mashine ya 40 (nguvu za farasi 40) nifanye kazi ya nyavu. Nitajuaje kama mbao ni nzima au nanunua rangi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na hayo maji maana hicho ungekijua palepale bila kifaa chochote, unachovya kidole unaonja. Yakiwa na chumvi boti inavuja na jamaa kakudanganya, basi, mazungumzo ya bei yanaanzia hapo. Yakiwa hayana chumvi kweli ni mvua, lakini na hapo usifurahi haraka, kwa sababu maji ya mvua ndo yanayoozesha boti kuliko ya bahari. Chumvi inazuia ule ukungu unaokula mbao, maji baridi yanaulea. Boti iliyopandishwa pwani masika yote imekaa wazi bila turubai, imejaa mvua ndani, hiyo inaoza kutokea ndani kwenda nje na wewe unayezunguka nje kuangalia ubavu huoni kitu.

Kwa hiyo rangi ya nje mi wala hainisumbui, kila mwenye boti anapaka nje. Rangi mpya ya NDANI, mpaka kule chini kwenye ngama maji yanakokusanyika, ambako hakuna mtu anaangalia, hiyo ndo inanifanya niulize. Nani anapaka ngama kama hana cha kufunika? Mwambie ang'oe zile mbao za kukanyagia uone chini. Akianza kusema zimepigiliwa, zitaharibika, njoo kesho, we rudi Kivinje.

Sasa ukienda mara ya pili panga siku. Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi wa Kiislamu ukiwa kwenye tarehe 1 mpaka 3 au 15 mpaka 17 hivi, maana siku hizo pwani yetu maji yanajaa alfajiri kama saa kumi na yanapwa kabisa saa nne saa tano asubuhi. Boti inaletwa maji yakiwa yamejaa, inaegeshwa kwenye mchanga, inawekewa magogo ubavuni isilale, na unapata saa kadhaa za mchana kweupe kuikagua chini yote mpaka mkuku (ule mti mkuu wa chini unaobeba boti). Boti inayoelea huwezi kuikagua chini, na iliyokaa juu ya mchanga miezi haikuonyeshi kama inavuja, inabidi uione hali zote mbili. Chukua tochi, nyundo ndogo, bisibisi nyembamba yenye ncha, uzi wa fundi, chaki, na kama una fundi mwenye keekee (drili) nenda naye, hela ya siku yake moja ni ndogo sana mbele ya hiyo milioni 8.

Kitu cha kwanza ni mkuku. Mmoja ashike uzi chini ya mkuku mwanzoni karibu na fashini ya mbele (ule mti uliosimama kwenye ncha ya boti), mwingine auvute kule tezi, yaani nyuma, mpaka ukaze. Mkuku unatakiwa uende sawa na uzi. Ukiona katikati kumeacha nafasi, mkuku umenyanyuka na ncha zote mbili zimeshuka, hiyo boti imevunjika mgongo. Kwa futi 30 nafasi ya nusu inchi mi naikubali, ikifika vidole viwili siichukui hata kwa nusu bei, kwa sababu hakuna namna ya kuunyoosha bila kuifumua boti nzima na ukishaifumua si bora ujenge mpya.

Ukiwa hapohapo chini angalia ule upande wa mkuku unaoburuzika kwenye mchanga. Rangi inaliwa pale kila siku na mbao ikibaki wazi baharini ndo anaingia yule mdudu anayetoboa mbao. Ubaya wake anaingia akiwa mdogo sana, tundu lake la nje ni kama la ncha ya pini, halafu anakulia humohumo ndani anafuata urefu wa mbao, kwa hiyo nje unaona vitundu viwili vitatu tu na ndani kumebaki mifereji mitupu. Boti zinazolala kwenye mikoko na kwenye mito ya maji ya chumvi ndo zinaliwa zaidi, muulize boti ilikuwa inalala wapi na mara ya mwisho kuchomwa makuti chini ilikuwa lini. Mtu anayeitunza boti yake atakujibu bila kufikiria. Gonga mkuku mzima kwa nyundo kidogokidogo ukisikiliza, mbao nzima inalia kavu na nyundo inakurudia mkononi, iliyoliwa inajibu kwa sauti nzito iliyokufa. Ukipata sehemu unaitilia shaka fundi achome keekee tundu dogo, mtazame unga unaotoka. Ukitoka mkavu wenye rangi ya mbao ni salama. Ukitoka kama tope jeusi, au keekee ikazama ghafla bila kukaza, au ukatoka na chembechembe nyeupe kama chokaa (hizo ni kuta za mifereji ya yule mdudu) basi umeshapata jibu. Tundu mnaliziba kwa kijiti cha mbao ngumu na pamba yenye mafuta, halileti shida, muuzaji asikutishe.

Haya, misumari. Hapa kaa sana, maana boti nyingi za mbao zinaanza kufa kwenye misumari kabla ya mbao. Msumari wa kawaida wa dukani ukipigwa kwenye boti badala ya ule wa galvanaizi unaota kutu mapema, kutu ile inaichoma mbao inayouzunguka mpaka inakuwa nyeusi na laini, na msumari unabaki umeshikilia hewa. Na hauliwi kichwani, unaliwa pale katikati ubao wa ubavu unapokutana na taruma (zile mbavu za ndani zinazoshika mbao), pale ndo maji yanakaa. Kichwa kinaonekana kizima, ncha nzima, ukiuchomoa unakuta umekonda katikati kama kiuno cha nyigu. Boti ya hivyo inatulia vizuri tu siku za bahari shwari, ukikutana na kusi kali ubao unaachia wote kwa pamoja.

Utaijua vipi bila kuifumua? Pitisha kiganja taratibu kwenye ubavu, nje, usitumie macho. Puti iliyozibwa juu ya vichwa vya misumari inayoota kutu inavimba, utasikia vinundu hata kama rangi ni ya jana. Halafu ndani kwenye mataruma angalia michirizi ya kahawia inayoshuka, na ngozi ya mbao kuzunguka msumari ikiwa nyeusi choma na bisibisi, ikizama bila kutumia nguvu weka alama ya chaki. Usiishie hapo, elewana na muuzaji mchomoe misumari mitatu, mmoja mbele karibu na fashini, mmoja katikati usawa wa maji, mmoja chini kule tezi, na fundi arudishie mipya minene zaidi. Hili ni ombi la kawaida kabisa na mwenye boti nzima hakatai. Mitatu ikitoka mizima nunua kwa amani upande huo. Mmoja ukiwa umeliwa, shusha bei. Ikiwa yote mitatu imekonda, jua unatakiwa kupigilia boti nzima upya, na mara nyingi tundu za zamani hazishiki tena kwa hiyo na mataruma yanataka kubadilishwa, hesabu hiyo.

Mataruma yenyewe yatazame pale yanapokunja kutoka chini kwenda ubavuni, ndo yanapopasukia. Taruma zuri limetoka kwenye tawi lililopinda lenyewe, mistari ya mbao inafuata mkunjo. Lililochongwa kwenye ubao ulionyooka mistari inakatwa na mkunjo na linapasuka palepale. Ukikuta taruma limewekewa pacha ubavuni sio dhambi, boti ya kazi lazima itakuwa na mawili matatu, ila yakiwa na pacha yote upande mmoja jiulize ni nini kiliipiga. Na ukikuta saruji imemwagwa kwenye ngama kati ya mataruma, au lami nene, au kipande cha bati kimepigiliwa, usikubali maneno ya "tumeweka kwa ajili ya uzito". Saruji inazuia kuvuja kwa muda lakini inafunga maji kati yake na mbao na chini yake kunaoza kimyakimya. Mimi saruji kwenye ngama nahesabu kwamba mbao za chini zimekwisha mpaka mtu anionyeshe vingine.

Kuna na hii ya siku hizi ya kuvalisha boti chakavu faiba kwa nje. Boti inapendeza, haivuji, inauzwa kama mpya. Mbao inavimba na kusinyaa, faiba haifanyi hivyo, kwa hiyo zinaachana, maji yanaingia katikati hayana pa kutokea. Gonga na sarafu, pakilia kama patupu pameachana. Sijasema boti ya faiba yenyewe ni mbaya, hiyo ni habari nyingine kabisa, nasema faiba juu ya mbao iliyochoka.

Kuhusu mvule mtupu, kwangua kidogo na kisu mahali pasipoonekana, ubao wa ubavu pande mbili tatu tofauti. Mvule una rangi ya kahawia ya dhahabu na ukikaa unaiva zaidi, mwembe umefifia, unaelekea kijivu. Mara nyingi mkuku ni mvule kweli na ubavu ni mwembe au mchanganyiko, wavuvi wengi wanatembea na boti za hivyo na zinafanya kazi, ila mwembe unachoka mapema na bei yake haiwezi kuwa ya mvule.

Sasa majini. Ikiwa imekaa nchi kavu wiki kadhaa mbao zimesinyaa, itavuja siku ya kwanza, usiogope wala usimlaumu mtu. Iache ielee siku mbili mbao zishibe maji, halafu itoe maji yote ya ndani jioni, asubuhi upime kwa ndoo kilichoingia usiku. Ndoo moja kwa boti ya futi 30 ni kawaida yetu. Ndoo nne tano tafuta zinakotoka, na angalia pia kalafati (ile pamba inayozibia maungio ya mbao). Boti ikikaa ikitema pamba kwenye maungio, tatizo sio pamba, mbao zinacheza kwa sababu misumari na mataruma hayashiki, utakalafati kila mwezi na haitapona.

Halafu azima mashine uende nayo nje ya ufukwe kidogo, pakia watu au viroba vya mchanga uzito wa kama safari ya kweli, mmoja akae tezi amulike ule ubao wa nyuma unapofungwa mashine wakati unaongeza mwendo. Ukiona ubao unapumua, kona zake na ubavu zinafunguka na kufunga, hiyo haibebi 40. Mashine ya 40 ina kilo 70 hivi bado na msukumo wake, na boti nyingi za mbao zilijengwa kwa mawazo ya mashine ya 15 au tanga. Hapo tengeneza kwanza, weka magoti (vipande vilivyopinda) ya mbao ngumu kwenye kona na uyakaze kwa bolti sio misumari, ndo ufunge mashine. Hilo ni tengenezo la kawaida, lisikufanye uache boti nzuri.

Mtafute na baharia mmoja aliyefanya kazi humo, sio nahodha, yule kijana aliyekuwa anafua maji, yaani kuyatoa kwenye boti. Mnunulie chai umuulize usiku mmoja walikuwa wanafua mara ngapi na wakiwa wamejaza samaki je. Huyo hana cha kuficha.

Kwa kifupi cha bei: mkuku, fashini, au mataruma mengi upande mmoja yakiwa mabovu, achana nayo. Mbao mbili tatu za ubavu, ubao wa juu kuoza, kalafati, hayo ni ya kushushia bei, muulize fundi wa hapo Bagamoyo gharama kabla hujatamka namba yako. Karatasi nazo, hakikisha namba ya usajili iliyoandikwa kwenye boti ndo iliyo kwenye cheti, uone na cheti cha ukaguzi cha TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kama kipo na kina tarehe gani, na mauziano mwandikishiane mbele ya BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe) ya hapo, maana boti za shirika la watu wawili watatu zinauzwa na mmoja kila siku.

Ukishachomoa ile misumari mitatu ipange juu ya ubao, weka rula pembeni, piga picha ya karibu unitumie, na picha za mataruma ya kule tezi chini bila flashi, mulika na tochi kwa ubavu ndo nyufa zinaonekana.