Yield: neno moja, maana nyingi

SWALI: Natafsiri taarifa ya wawekezaji wa hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni), na neno la Kiingereza yield linanitoa jasho. Kwenye vitabu vya kilimo nimezoea kuandika "mavuno", kwingine nalikuta kwa maana ya kusalimu amri, na barabara za Marekani zina alama yake. Ni neno moja kweli, au ni maneno tofauti yaliyofanana tahajia?

JIBU: Ni moja, na asili yake ni kulipa. Kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi hiki kiliandikwa gieldan, na watu waliki­tumia kwa deni, kodi na fidia. Geld ya Wajerumani, yaani pesa, ni ya ukoo huohuo. Kadhalika Danegeld, jina lililobaki katika historia la fedha walizotozwa Waingereza ili kuwatuliza wavamizi wa Denmark, kuanzia mwaka 991.

Maana ya mavuno haikutoka mbali. Shamba humlipa aliyelihudumia, na sisi wenyewe husema vitunguu vinalipa.

Kusalimu amri ndiko kwenye mkono wa mgeni. Baada ya 1066 wakubwa wa Uingereza walizungumza Kifaransa, na kitenzi chao rendre kilibeba mambo mawili: kurudisha kitu, na kujisalimisha. Yield lilipozoeleka kuwa mwenzake, likachukua mzigo wote. Hapo kupisha kukawa karibu. Alama unayoisema ilianza Tulsa, Oklahoma, mwaka 1950, kwa ubunifu wa polisi Clinton Riggs. Waingereza, wenye neno lenyewe, alama yao wameiandika Give Way, yaani pisha!

Sasa taarifa yako. Usiandike "riba" kila mahali, maana hapo ndipo wafasiri wengi huwapoteza wasomaji. Hatifungani ya shilingi 100,000 yenye kuponi (malipo yaliyopangwa tangu mwanzo) ya asilimia 10 hulipa 10,000 kwa mwaka. Mtu akiinunua sokoni kwa 80,000, kuponi haibadiliki, ila yield yake ya sasa inakuwa asilimia 12.5, kwa kuwa 10,000 ileile inatokana na mtaji mdogo zaidi. Mimi huiacha "riba" kwa kuponi, na yield naiita "kiwango cha mapato". Ukikutana na yield to maturity, andika "kiwango cha mapato hadi kuiva". Hesabu hiyo huingiza pia ile 20,000 atakayoongezewa mwekezaji hatifungani ikiiva, yaani muda wake ukiisha na kulipwa 100,000 kamili, kwa hiyo usiichanganye na 12.5 ya hapo juu.