Jibu: seli shina moja inazaaje neva za misuli tofauti?

Mdogo wangu, umeuliza seli shina moja ya neva (seli mama inayogawanyika na kuzaa seli nyingine) inazaaje neva za misuli tofauti wakati jeni ni zilezile. Kikubwa ni zamu ya kuzaliwa.

Mengi tumeyajua kupitia vile vinzi vyenye macho mekundu vinavyojazana kwenye zabibu zilizoiva kupita kiasi pale soko la Majengo. Kiinitete chao kina seli shina 30 hivi kila upande wa pingili ya mwili. Chukua moja, iitwayo NB7-1. Kila ikigawanyika inabaki yenyewe na kutoa seli ndogo, ambayo nayo hugawanyika mara moja tu. Migawanyiko 5 ya mwanzo huleta neva za mwendo, zile za kuamrisha misuli, zinazoitwa U1 hadi U5. Baadaye hutoa neva za kati, zile za kupitishiana ujumbe, hazigusi msuli.

Zamu zinapangwa na protini zinazopokezana ndani ya seli: Hunchback, Krüppel, Pdm, kisha Castor. U1 na U2 huzaliwa zamu ya Hunchback, na nyuzi zao huenda misuli ya mgongoni. Watafiti wakiizuia Hunchback isizimike, seli inaendelea kutoa neva za mwanzo tu, utadhani saa imekwama!

Kwa binadamu, mahali seli ilipo kwenye uti wa mgongo unaochipua kuna uzito sana: protini ya Sonic hedgehog, inayotoka upande wa tumbo, huelekeza zipi ziwe za mwendo.

Na ukikutana na tangazo la kutibu kiharusi kwa seli shina, usimtumie mtu hela. Bado ni majaribio.