Usimtafute steringi

Nimekulia kwenye mabanda ya video. Kabla hujakaa kwenye benchi ulishauliza: steringi nani? Ukishamjua, unamshangilia yeye tu. Waliobaki ni maadui, na wakifa huwahesabu.

Mwaka jana niliangalia The Battle of Algiers na mpwa wangu wa miaka 17. Ni filamu ya mwaka 1966 ya Mwitaliano Gillo Pontecorvo, kuhusu Waaljeria walivyopambana na Wafaransa. Kijana alichagua upande mapema, na simlaumu, maana ndio upande wangu pia. Usiku bomu linategwa Casbah, mtaa wa kale wa Waaljeria jijini Algiers, kwenye nyumba za watu waliolala, na mtegaji ni ofisa wa polisi wa Kifaransa. Kunapambazuka, maiti zinatolewa kwenye kifusi. Kisha wanawake watatu wa Kialjeria wanasimama mbele ya kioo, wanajibadili wafanane na Wazungu, wanapita vizuizini na mabomu. Askari anamchangamkia mmoja wao. Mpwa wangu akapiga makofi.

Halafu kamera inaingia kwenye mgahawa wa Wazungu, mojawapo ya sehemu mabomu yanakopelekwa. Bwana mmoja anampisha kiti mwanamke aliyekuja kumuua. Naye anatazama huku na huku, nasi tunatazama naye: vijana wanapiga soga, mtoto mdogo analamba aiskrimu.

Makofi yakakoma. "Mjomba, sasa steringi nani?"

Ukiulizwa hivyo, usikimbilie kusema "vita ndivyo vilivyo". Mimi niliwahi kumjibu mtu hivyo, na mazungumzo yakafa palepale. Safari hii nilirudisha nyuma, nikamwambia afumbe macho asikilize. Muziki unaowalilia wafu wa Casbah ndio huohuo unaowalilia wafu wa mgahawani. Alisikiliza mara mbili.

Ila kuna mtego wa pili, na huu ndio unaowanasa watu wasomi: kusema pande zote ni sawa. Hapana. Ndani ya filamu, kiongozi wa wapiganaji aliyekamatwa anaulizwa na waandishi kama haoni aibu kutumia vikapu vya wanawake kubebea mabomu. Anawajibu kwamba Wafaransa wakiwapa ndege zao za kivita, wao watawapa vikapu. Na kanali wa Kifaransa anayesimamia mateso ya wafungwa anawageuzia kibao waandishi: Ufaransa ibaki Algeria au iondoke? Mkisema ibaki, yakubalini yanayofuata.

Kwa hiyo tenganisha maswali mawili. Nani ana haki ya kupigana? Halafu, peke yake: amefanya nini alipokuwa akipigana? Jibu la kwanza lisiruhusiwe kumeza la pili. Aljeria ilikuwa na haki ya uhuru ilioupata 1962, na mtoto wa aiskrimu hakumkosea mtu.

Nikamsimulia habari za Saadi Yacef. Aliongoza wapiganaji wa Casbah, na mabomu ya mgahawani ya Septemba 1956 yalikuwa kazi ya kundi lake. Baadaye akawa mmoja wa watayarishaji wa filamu hii, akaigiza humo. Na bado mtoto wa aiskrimu yumo.

Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akachukua rimoti, akarudi penye mgahawa, akasimamisha picha. Akaanza kuwahesabu waliokaa.